Ndege Asiyejua Kuogopa Panya

Kwaruza majani makavu kwa ncha ya kiatu, kisha simama kimya. Haichukui muda. Ndege wa kijivu mwenye kifua cheupe na miguu myembamba kama njiti za kiberiti atashuka kutoka kwenye tawi na kutua hatua moja mbele yako. Atakutazama kwa jicho moja, atageuza shingo akutazame kwa la pili, halafu ataingia pale pale ulipokwaruza na kuanza kuokota wadudu. Ukiwa na subira, atadonoa kamba ya kiatu.

Haombi chakula, wala hajafugwa. Hakuogopi tu, basi.

Anaitwa kakaruai, na mahali penyewe ni Orokonui: hekta 307 za msitu wa asili zilizozungushiwa uzio juu ya Blueskin Bay, mwendo mfupi wa gari kaskazini mwa Dunedin, Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Ukungu wa baharini unapanda mabondeni, miti inachuruzika maji hata siku ambayo mvua haijanyesha, na watu wazima wananong'ona kama wamo msikitini.

Wageni hupiga picha, hucheka, huenda zao. Mimi nimeganda na yule ndege na ile kamba ya kiatu kwa wiki kadhaa sasa, na sababu si uzuri wake.

Ule upole tunaousafiria kuuona ndio uliokaribia kummaliza.

Mwindaji ni nani hapa?

Mwambie mtu wa Arusha au wa Voi kwamba kuna hifadhi inayojisifu kwa kutokuwa na wanyama wawindaji, atakuuliza: sasa watalii wanakwenda kuangalia nini? Kwetu simba wakiisha, hifadhi imekufa. Kule mambo ni kinyume, na ili kuyaelewa inabidi uwafute simba na chui kichwani, uweke panya.

Ndiyo, panya.

Kabla watu hawajafika, mamalia wa nchi kavu waliokuwepo Nyuzilandi walikuwa popo peke yao. Wengine wote walishuka kwenye vyombo vya baharini. Mababu wa Wamaori walifika kama karne ya 13 wakiwa na mbwa na panya mdogo wa Pasifiki aitwaye kiore. Wazungu wakaleta panya wa melini, panya wa Norwe, paka, kalunguyeye, na posamu kutoka Australia ili wapate manyoya yake. Kisha, miaka ya 1880, likafanyika kosa ambalo wataalamu walilionya mapema: aliletwa stoat, mnyama mwembamba wa ukoo mmoja na kicheche wetu, awamalize sungura waliokuwa wakila malisho ya kondoo. Nitamwita kicheche hapa, tusisumbuane. Sungura mpaka leo wapo. Ndege ndio walioisha.

Walikwisha kwa sababu walikuwa wamejifunza kumkwepa adui mwingine kabisa. Adui wao wa zamani alitoka juu. Visiwa vile vilikuwa na tai mkubwa, jike lake likikaribia kilo 15, ambaye alitoweka karne chache baada ya watu kufika. Tai huwinda kwa macho. Mbele ya macho, dawa ni kuganda: unakaa kama jani, rangi yako ya udongo inakuficha, anapita. Kicheche anawinda kwa pua. Ndege anayeganda mbele ya kicheche amejiwekea sahani mwenyewe.

Kwa hiyo hilo jina la "hifadhi isiyo na wawindaji" halijanyooka. Ndani ya uzio kozi bado anawinda, na bundi anatoka usiku kufanya kazi yake, wala hakuna anayewabughudhi. Kinachozuiwa ni mamalia walioletwa. Na hata hiyo kanuni ya "kilicholetwa kitoke" haisimami wima: mti mrefu kuliko yote uliopata kupimwa nchini humo, zaidi ya mita 80, umo Orokonui, na ni mkaratusi. Wa Australia! Umepandwa na walowezi, umezidi miti ya asili yote, na watu wanapelekwa kuutazama. Mkaratusi hauli mayai, nadhani ndiyo hoja.

Mita 1.9

Uzio wa Orokonui una urefu wa kilomita 8.7 na ulikamilika mwaka 2007. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni wa shamba la ng'ombe lililopata mfadhili. Usogelee.

Wavu ni wa chuma, matundu yake membamba kiasi kwamba kidole kidogo cha mtoto hakipiti. Upana wa tundu katika uzio wa aina hii ni kama milimita 6, kwa kuwa fuvu la kichwa ndilo linaloamua. Panya anajikunja mwili wote, lakini fuvu halikunjiki. Pakipita kichwa, kilichobaki kitafuata. Tundu la milimita 10 linamwingiza mtoto wa panya bila hata kukwaruzika.

Chini, wavu hauishii usawa wa ardhi. Umekunjwa kuelekea nje na kufukiwa, ukalala chini ya udongo kama mkeka. Mnyama anayechimba huanza kuchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi, hivyo kila akifukua anakuta wavu. Haingii akilini mwake kurudi nyuma hatua mbili aanzie huko.

Juu kuna kofia ya bati laini iliyopinda kuelekea nje. Panya na posamu wanapanda wavu bila shida, ila wakifika kwenye kofia hawana pa kushika na wanaanguka. Kimo chenyewe, mita 1.9, kimewekwa kwa ajili ya paka. Uzio wa kwanza mkubwa wa namna hii, ule wa Zealandia mjini Wellington uliokamilika mwaka 1999, ulitanguliwa na majaribio ya kuwafungia wanyama ndani ya vizimba na kuangalia watatokaje. Hicho ndicho kipimo cha haki: unamwuliza paka mwenyewe.

Halafu kuna mambo ambayo mchoro hauonyeshi. Miti iliyo karibu na uzio lazima ikatwe, kwani tawi linaloning'inia ni daraja. Mti ukianguka juu ya wavu wakati wa dhoruba, nao ni daraja, na waliofanya majaribio ya kufungua matundu makusudi waligundua kwamba mara nyingi ndani ya siku moja kuna aliyekwisha ingia. Mto unapokatiza, maji na samaki lazima wapite, hivyo panawekwa vizuizi vya wavu vinavyoziba kwa takataka kila mvua kubwa ikinyesha. Theluji ikirundikana upande wa nje inakuwa ngazi. Na upepo wa chumvi: mtu yeyote wa Tanga au Lamu anajua bati la pwani linavyoliwa. Kipande cha uzio kinachotazama bahari kinahitaji chuma kisichoshika kutu, na hata hicho hukaguliwa.

Mtu anautembea. Kilomita 8.7, akitazama matundu na udongo uliofukuliwa, kisha anaanza tena. Msitu huo unalindwa na miguu kuliko chuma.

Usafi wa awali

Uzio ukikamilika, wanyama wote wabaya wamo ndani. Hapo ndipo makala nyingi za utalii zinaruka aya.

Njia ya kawaida ni sumu iitwayo brodifacoum, ndugu wa dawa za panya zinazouzwa madukani. Vidonge vya nafaka vinarushwa kwa helikopta inayoongozwa na setilaiti, mistari ikipishana ili pasibaki hata chumba kimoja cha ardhi bila chambo. Hurushwa majira ya baridi, chakula kikiwa haba na panya wakiwa hawazai. Hurudiwa baada ya muda, maana walio mashimoni au waliokosa mara ya kwanza lazima wapate mara ya pili. Vidonge hutiwa rangi ya kijani au buluu, ambazo ndege wengi hawazishobokei.

Wengi, si wote. Pukeko, wa ukoo wa kukuziwa, na weka, ndege mdadisi anayedokoa kila kitu, hufa pia.

Sumu yenyewe inazuia damu kuganda. Panya hafi siku hiyo. Anakufa baada ya siku kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani, na kuchelewa huko ndiko kunakoifanya ifae, kwani panya akiumwa mara tu baada ya kuonja ataacha kula na hatarudi. Kicheche naye hufa kwa kula panya waliokula sumu. Mabaki yake hukaa kwenye ini la mnyama miezi mingi.

Nayaandika haya taratibu kwa sababu yule kakaruai kwenye kamba ya kiatu amesimama juu ya jambo hili. Mtu anayesema anawapenda wanyama bila kubagua hawezi kuipenda hifadhi hii kwa urahisi. Lazima aseme ni wanyama gani. Nimejaribu kuikwepa sentensi hiyo na sijaweza: kicheche hana hatia yoyote, alipakiwa melini na watu, na jibu letu kwa kosa letu ni kumtoa damu.

Mmoja tu

Kwa nini basi wasiue wengi tu, wakabakiza wachache? Kwa sababu ya hesabu ya kicheche jike.

Watoto wa kike wa kicheche hupandwa na dume mzima wakiwa bado kiotani, macho hayajafunguka. Mimba hailelewi hapo hapo. Yai husubiri tumboni miezi kadhaa hadi msimu ufike. Maana yake ni kwamba karibu kila jike utakayemkuta anatembea peke yake tayari ana mimba. Hahitaji mume. Akiingia ndani ya uzio usiku mmoja, baada ya miezi wapo tisa au kumi.

Panya naye ana kisa chake, na kisa hiki kimechapishwa na wanasayansi waliokifanya. Mwaka 2004 watafiti walimwachia panya mmoja dume wa Norwe, akiwa na kola ya redio, kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Motuhoropapa karibu na Auckland. Hekta 9.5 tu, hakuna panya mwingine. Walitaka kujua ni vigumu kiasi gani kumnasa panya mmoja ukijua kabisa kwamba yupo. Mitego, mbwa, vituo vya wino, kola shingoni. Baada ya wiki 10 akaruka baharini, akaogelea mita 400 gizani na kwenda kisiwa cha pili. Alinaswa wiki 18 baada ya kuachiwa, kwenye mtego wenye nyama mbichi ya pengwini.

Wiki 18, na walikuwa wanamjua kwa sura.

Ndiyo maana ndani ya msitu, kando ya njia, utaona vibomba vyeusi vya plastiki vimelala kwenye majani. Usivisogeze. Ndani mna kadi, katikati pametiwa wino, na juu ya wino kuna siagi ya karanga. Mnyama akipita anaacha nyayo zake. Utaratibu unaotumika nchini humo ni mstari wa vibomba 10, kila mita 50, usiku mmoja kwa ajili ya panya; kwa vicheche huwekwa nyama ya sungura na kuachwa siku tatu. Nyayo za panya zinaonyesha nukta zilizotengana, kama mtu aliyegusisha ncha za vidole. Za kalunguyeye ni pana. Anayezisoma kadi hizo kila mwezi huzijua kama karani anavyojua saini za wateja.

Visanduku vya mbao navyo usiviguse. Ndani kuna mtego wenye springi kali, chambo ni yai na kipande cha nyama, na vitobo vya kuingilia vimepishanishwa ili ndege asione njia iliyonyooka. Mtego ule unavunja fuvu la kicheche. Utavunja na kidole cha mtoto wako.

Paka akiondoka

Methali mnaijua. Kule imetimia neno kwa neno.

Kiswahili kinamwita panya kila mwenye mkia na meno hayo, lakini hapa tofauti ina uzito, hivyo wale wadogo wa nyumbani nitawaita vipanya (si vile vya abiria). Panya wakubwa, paka na vicheche wakiondolewa, vipanya vinabaki bila mpinzani wala mlaji. Na kuvimaliza ni kugumu kupita kiasi. Kipanya anaishi maisha yake yote ndani ya eneo dogo mno. Helikopta ikiruka upande mita chache, yupo ambaye hakuona chambo kabisa. Matundu ya uzio yanamzuia mkubwa, ila pakiwa na kasoro ndogo mtoto wake anapenya. Hifadhi kadhaa za uzio, zikiwemo zile zenye sifa kubwa, zinaishi na vipanya mpaka leo, na mapambano yamekuwa ya kuvipunguza tu.

Vinakula nini? Wadudu wakubwa, mbegu, mayai ya mijusi. Huko Maungatautari, mlima uliozungushiwa uzio wa kilomita 47, wataalamu walilinganisha sehemu zenye vipanya vingi na zisizo na vipanya, na tofauti ilionekana kwa wadudu wa ardhini. Mgeni hatayaona hayo. Atasikia ndege wakiimba na kusema msitu umepona. Chini ya majani, kwa mdudu, kipanya ndiye simba.

Begi lako

Sasa ya mgeni mwenyewe, kwani sehemu dhaifu ya uzio ni mlango.

Milango ni miwili, na kati yake kuna chumba kidogo. Wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Watu huudhika, hasa kundi la watu kumi wanaotaka kuingia kwa mkupuo. Ingieni wanaotosha, fungeni, subirini. Mnyama akiingia nanyi ataonekana ndani ya chumba, sakafu tupu, hana pa kujificha.

Kabla ya hapo, begi linafunguliwa. Unalifungua mwenyewe, mfuko kwa mfuko, na huo si upekuzi wa polisi. Kipanya hupanda begi usiku, mahali ulipoliacha sakafuni likiwa na makombo ya biskuti. Kwa hiyo anza nyumbani: litikise, lifunge zipu, lisilale varandani. Chakula kiwe kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana, mfuko wa plastiki ni karatasi tu kwa meno yale. Ukienda kwenye visiwa kama Kapiti au Tiritiri Matangi, ukaguzi ni mkali zaidi, na hema au gunia la kulalia ndiyo vitu vya kutazamwa kwa makini.

Viatu: piga brashi soli, toa udongo na mbegu zilizonasa kwenye soksi. Mbwa haingii, hata yule asiyeng'ata. Kiwi, ndege wa huko asiyeruka, ana mifupa laini ya kifua. Mbwa akimshika kwa mapenzi tu, amemuua.

Usiende ukitegemea kumwona kiwi. Hutoka usiku. Orokonui inalea vifaranga vya tokoeka wa Haast, kiwi adimu wa milimani, na kuwarudisha kwao wakifikisha uzito wa kuweza kumpiga teke kicheche, kama kilo moja. Mchana wamelala. Utakachokiona, ukifika asubuhi na kukaa kimya karibu na vituo vya maji ya sukari, ni ndege waitwao korimako na tūī wakigombana. Utamwona kākā, kasuku mkubwa wa kahawia ambaye jina lake litamchekesha kila Mswahili. Na takahē, kukuziwa aliyenenepa mpaka akasahau kuruka, buluu na kijani, mdomo mwekundu. Ulimwengu ulidhani amekwisha hadi daktari mmoja, Geoffrey Orbell, alipomkuta milimani mwaka 1948. Anapita akitafuna majani kana kwamba amelipa kodi ya njia.

Siku ya jua utamwona pia tuatara akijianika. Usimwite mjusi mbele ya wenyeji wa msitu. Ni wa ukoo wake peke yake, na jamaa zake wengine wote wamekwisha.

Vaa koti. Hata Januari.

Uzio unapoishia baharini

Orokonui ni duara, duara lina raha yake: hakuna mwisho. Tāwharanui, kaskazini mwa Auckland, ni jambo jingine. Ni rasi: hekta 588 za msitu wa pwani, mashamba na fukwe nyeupe, na uzio wa kilomita 2.5 umekatiza shingo yake kutoka maji mpaka maji tangu mwaka 2004.

Ukisimama mwisho wa uzio huo maji yakiwa yamekupwa, utaona tatizo zima kwa jicho moja. Wavu unashuka juu ya miamba, unaingia kidogo kwenye eneo la maji kujaa na kupwa, na unakoma. Kupita mwisho wake kuna mwamba wenye majimaji. Panya anayejua kupwa na kujaa kwa maji hahitaji zaidi.

Waliojenga walijua. Nia haikuwa kuziba kabisa. Ilikuwa kupunguza wanaoingia hadi idadi ambayo mitego inaweza kuibeba. Ndiyo maana mitego imesongamana zaidi karibu na ncha za uzio na kupungua ukielekea ndani. Na watu wanaingia na magari, wanapiga mahema, wanateleza kwenye mawimbi na mbao zao. Takahē anapita katikati ya mahema.

Kwa muda mrefu nilidhani duara ndiyo hifadhi ya kweli na rasi ni nusu hifadhi. Nimebadilika. Duara linamfanya mgeni aamini kwamba kazi imekwisha. Rasi haimdanganyi mtu.

Je, woga unafundishika?

Narudi kwa kakaruai.

Shaka yangu ilikuwa hii: tukimweka ndege ndani ya uzio vizazi na vizazi, tunamhifadhi pamoja na ujinga wake. Siku uzio ukianguka, atakuwa yule yule wa mwaka wa kwanza. Je, isingekuwa heri aonje hatari kidogo, ajifunze?

Australia wamejaribu. Hifadhi ya Arid Recovery, jangwani, iliachia paka wachache ndani ya sehemu ya uzio makusudi, wakae na wanyama wadogo wa asili kama bilby. Waliokaa na paka walikuwa na hadhari kuliko wasiowahi kumwona. Na kwa kakaruai wenyewe kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1995: ndege wa kisiwani, wasiomjua kicheche, walionyeshwa sanamu ya kicheche pamoja na kelele za ndege mwenzao mwenye hofu. Somo moja tu liliwatosha. Baadaye walipoiona sanamu walishtuka.

Niliposoma hilo nilidhani nimepata jibu. Woga unafundishika, bomoeni kuta taratibu.

Halafu nikakumbuka kiota.

Kakaruai jike ndiye anayeatamia peke yake; dume humletea chakula. Usiku amekaa juu ya mayai, kwenye panda ya mti, gizani, na panya wa melini ni mpandaji hodari kuliko karibu kila mnyama mwingine wa msitu ule. Mpe jike huyo woga wote wa dunia. Atafanya nini nao? Akiruka, ameacha mayai. Akikaa, ameliwa yeye na mayai. Woga ni silaha ya mwenye pa kukimbilia, na yai halina miguu. Hapo ndipo hoja yangu ya kumfundisha ndege iliponyong'onyea. Nimejaribu kuiinua tena mara mbili tatu, haisimami.

Lakini na uzio nao haunipi usingizi. Hekta 307 ni ndogo. Ndege wachache waliofungiwa pamoja wanaishia kuoana ndugu, hivyo lazima wengine waletwe kutoka kwingine kila baada ya muda, kwa masanduku na ndege za abiria. Na fedha za kila mita ya wavu zingeweza kununua mitego mingi sana kwenye msitu usio na uzio. Wanasayansi wa huko wamebishana juu ya hesabu hiyo kwa miaka. Serikali ilitangaza mwaka 2016 lengo la kuwaondoa panya, posamu na vicheche nchi nzima ifikapo 2050. Likitimia, uzio utakuwa chuma chakavu. Lisipotimia, uzio ndio utakaokuwa umebaki.

Tunachokijua sisi

Msomaji wa Unguja pengine amekwisha niuliza moyoni: kwani hayo ni mageni? Chumbe, kisiwa kidogo cha matumbawe kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe, kiliondolewa panya mwaka 1997, na msitu wake wa pwani unaoota juu ya mawe ukapewa paa nunga, yule paa mdogo anayewindwa kwingine. Uzio wake ni maji. Kila ngalawa inayotia nanga na kila jahazi linalopita na gunia la mchele ni mlango ambao hauna mlango wa pili.

Na kunguru weusi, walioletwa kutoka Bara Hindi karibu na mwisho wa karne ya 19 ili watusafishie takataka, wanaruka juu ya maji yote. Sungura wa Nyuzilandi na takataka za Unguja ni kisa kimoja: tatizo dogo likaletewa mnyama, mnyama akawa tatizo.

Saa ya kutoka

Ukimaliza Orokonui unapita milango ile ile miwili. Safari hii hakuna anayekuambia ufungue begi. Wa kwanza unafungwa nyuma yako, unasubiri kwenye kile chumba kitupu, wa pili unafunguka, na ghafla uko kwenye majani ya kawaida ya kondoo, barabara, magari.

Jioni kākā huvuka juu ya kofia ya bati. Anafanya hivyo kila siku. Uzio haujawahi kuwa na paa. Huko nje atatafuta matunda kwenye bustani za watu. Huko Wellington, ambako kasuku hawa waliachiwa Zealandia kuanzia mwaka 2002 na sasa wametapakaa mjini, imegundulika kwamba wanatafuna vichwa vya misumari vya madini ya risasi kwenye mapaa ya nyumba za zamani, nayo inawatia sumu. Usiku baadhi watalala nje, kwenye mashimo ya miti ambayo kicheche anayajua.

Nyuma ya wavu, kama mita kumi ndani, kakaruai amekwisha shuka pale ulipokanyaga mwisho na anakagua nyayo zako, akitafuta wadudu.